Gari Lisilo na Rivasi

Wafula mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana nakusikia huko chumbani ukiimba vibaya na kupigana na zipu ya begi. Uko mzima. Mimi pia ni mzima, ila mgongo. Nimekaa gereji juu ya ile ndoo ya rangi unayoiita ofisi yangu, na karatasi nimeiweka juu ya boneti. Ukiona mwandiko umepanda na kushuka, ujue ni kwa sababu boneti hii tuliigonga kwa nyundo sisi wenyewe, na mabonde yake unayajua.

Mambo ya kufua soksi na kula mboga sitayaandika. Niliyaandika safari ya kwanza, nikayabandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na sote tunajua hayakukusaidia. Kwa umri wako unajua soksi inanuka lini. Leo nataka kusema juu ya uzito, kwa sababu ndilo jambo tumelifikiria pamoja Jumamosi zote hizi, na naona mimi nimelielewa nimechelewa.

Ulipopata nafasi ya chuo kikuu Nairobi, nilifanya kosa ambalo sisi watu wa huku tunalifanya kwa moyo mweupe kabisa: nilisimamisha hema. Unalikumbuka. Hema la rangi mbili, viti vya plastiki, kwaya ya kanisa, sufuria za mukimo na za pilau, na wajomba zako waliosafiri kutoka Bungoma wakiwa wamevaa suti. Kila mtu alishika kipaza sauti. Mjomba wako mkubwa alisema wewe ndiwe wakili wa kwanza wa ukoo. Mchungaji alikuombea akiwa amekushika kichwa mpaka ukatoka jasho. Walimu wenzangu wa chuo cha ufundi walisema wanasubiri kualikwa siku utakayovaa joho. Mimi nilichukua kipaza sauti mwisho, nikasema, "Mtoto huyu hatatuaibisha." Watu walipiga makofi. Nilisema kwa mapenzi, Wafula, na nilijiona mama hodari. Lakini neno hilo lina kilo zake, na wewe ndiye uliyepanda nalo basi.

Muhula ule wote nilikupigia simu kila jioni, na kila jioni ulinijibu uko poa. Baba yako, ambaye amefanya kazi ya polisi maisha yake yote na amesikiliza waongo wa kila aina, aliniambia mtoto huyu anajibu haraka sana. Nilimfokea. Nilimwambia si kila mtu ni mshukiwa. Asubuhi moja akaondoka bila kuniaga, akaenda mpaka Nairobi, akakukuta kwenye chumba kilichofungwa mapazia, umekonda, na darasani hukuwa umeingia kwa majuma. Hakukuuliza kitu. Alibeba sanduku lako, akakuleta nyumbani.

Baadaye sana ndipo nilipokuuliza kwa nini hukuniambia. Ulikuwa umelala umegeukia ukuta. Ulisema, "Mathe, ningerudi aje? Na ile tenti?"

Sijawahi kuchomwa na moto wa kuchomelea kama nilivyochomwa na maneno hayo. Tulikupa kila kitu cha kwendea, hata blanketi mbili, ila njia ya kurudi hatukukupa. Niliiziba mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya mashahidi.

Daktari wa hospitali ya mjini alikusaidia, na yule mama mshauri uliyekuwa ukienda kuongea naye kila wiki alikusaidia zaidi. Siwanyimi sifa yao. Lakini siku zilizobaki za wiki zilikuwa ndefu, na mimi maneno ya kumbembeleza mtu sikujaliwa. Mimi ni mwalimu wa kuchomelea vyuma. Najua kuunganisha vitu viwili ambavyo havitaki. Kwa hiyo Jumamosi moja nilibisha mlango wako nikakwambia uje unishikie bomba. Ulikuja umejifunika blanketi. Ulikuwa uongo mtupu, vibano vya kushikia nilikuwa navyo kwenye droo, na lile geti la kanisa ningelimaliza peke yangu. Wewe ulishika, mimi nikachomelea. Jumamosi iliyofuata hakukuwa na geti tena, na nilikuwa nimesimama mlangoni pako bila sababu. Uliuliza leo tunatengeneza nini. Mdomo wangu ukasema gari kabla kichwa hakijaulizwa.

"Gari ya aina gani?"

"Ya mbio," nikasema.

Ukacheka. Kicheko kidogo cha puani, lakini nilikuwa sijakisikia tangu hema. Basi ikabidi tutengeneze gari la mbio.

Mengine unayajua, lakini niache niyaseme, kwa sababu nikiyasema nafurahi. Baba yako, mtu ambaye hata baiskeli haiamini, ndiye aliyetutafutia injini: ile pikipiki kubwa iliyogongwa upande mmoja na kuuzwa mnadani. Fremu tukaiunda kwa mabomba membamba ya mraba, na mwili kwa bati la alumini ulilojifunza kulichomelea bila kulitoboa, kazi ambayo wanafunzi wangu wengi huikimbia. Ulisema gari la mbio lenye injini ndogo lina ujanja mmoja tu, kuwa jepesi. Tukawa wagonjwa wa wepesi. Tulipimia vipande kwenye mizani ya kiwanda cha kahawa, wakati msimu umeisha na mizani haina kazi, kwa sababu jirani yetu Baba Wangui ndiye karani pale. Tulifika na fremu mabegani kama watu wamebeba kitanda. Alizunguka mizani, akasoma, akaniuliza kwa upole wote, na ile r yake mahali pa l, "Mwarimu, hii kahawa yako itakauka rini?" Wewe ulilazimika kwenda kusimama nje.

Kila tukirudi kutoka kiwandani nilikuwa natafuta mahali pengine pa kupunguza. Nilitoboa matundu kwenye vishikio vya viti, kwenye ubao wa vipimo, hata kwenye kanyagio la breki. Hilo la breki uliniambia. Ulisema, "Mathe, hii ni breki," na mimi nikakujibu kwamba nimefundisha vyuma kabla hujazaliwa. Tukaenda kulijaribu kwenye uwanja wa chuo, ule mteremko mdogo unaoishia shamba la nyasi za ng'ombe. Nilikanyaga, kanyagio likajikunja kama kijiko cha bati, na mimi na miaka yangu yote ya kufundisha vyuma tukaingia kwenye nyasi mpaka zikatufunika. Ulikuja mbio. Uliponiona mzima nilingoja unicheke, maana mimi ningekucheka. Ulinitoa majani kwenye nywele ukasema, "Tengeneza ingine. Hii weka nzito."

Nililifikiria jambo hilo zaidi ya ulivyojua. Mimi nilikuwa nimepunguza pale pasipofaa, na miaka ya nyuma nilikuwa nimeongeza pale pasipofaa. Kukuomba usituaibishe ulikuwa mzigo wa bure. Kukwambia kwamba mlango wa nyumbani hauna sharti, hilo ndilo lilipaswa kuwa zito, la chuma kizima, na sikuwa nimelisema hata mara moja. Nilidhani linajulikana.

Halafu siku ya injini. Tulikuwa tumeifunga, mnyororo umekaa, ukaingia kwenye kiti, ukaingiza gia ya kwanza, ya pili, ukarudi, kisha ukaganda ukiwa umeshika usukani. Nikadhani umeumia. Ukaniangalia, ukasema polepole kwamba pikipiki hairudi nyuma. Miezi yote ile, mama mwalimu wa ufundi na mwanawe mwenye akili, tumepima kila msumari, na hakuna aliyejiuliza gari hili litarudi vipi nyuma. Tulicheka mpaka baba yako akatoka nje kuona ni nani amekufa. Tulipomweleza alilizunguka gari kama anayekagua ajali, mikono nyuma, akasema, "Kwa hivyo hii gari ikiingia mahali, imeingia."

Tungeweza kufunga mota ya pembeni ya kulirudisha. Ulipiga hesabu ya uzito wake, tukatazamana, tukasema hapana, tutasukuma. Na tumesukuma. Kijia chetu kinapanda kutoka getini mpaka gereji, na kulishusha kinyumenyume hadi barabarani ni hatari, kwa hiyo kila tukirudi tunaliingiza kwa mkia, kwa kulipandisha, na mtu mmoja haliwezi hata likiwa jepesi hivyo. Kila Jumamosi ilikuwa ni mabega yetu mawili na wewe ukihesabu moja, mbili, twende. Nimependa kusukuma gari hilo kuliko kuliendesha. Sikukwambia.

Ndipo ulipopata ile kazi ya Mombasa. Ulikuwa umewatumia picha za mishono yako ya kuchomelea alumini bila kuniambia, nao watu wa karakana ya boti wakakuita ujifunze kwao huku ukilipwa. Uliniambia hapa gereji, umesimama karibu na tairi, ukaahidi kwamba huendi mpaka gari lifike mji wa Kenol, kule njia ya Nairobi, na kurudi. Ulisema hutaki kuacha kazi katikati tena. Nilikukumbatia na glavu zangu za grisi. Nilifurahi, na usiku sikulala.

Jumamosi iliyofuata nikagundua rangi haikuwa sawa. Iliyofuata ikawa nyaya. Kisha kioo cha pembeni, kisha kiti, kisha nikafungua tena mfuniko ambao tulikuwa tumeufunga vizuri, nikasema nimesikia mlio. Karatasi za ukaguzi zilikuwa zimekwisha kutoka, namba iko, na mimi bado nasikia milio. Nilikuwa naogopa, Wafula. Nilikuwa naogopa chumba chenye mapazia, huko mbali ambako baba yako hawezi kufika asubuhi moja. Nilijiambia gari likibaki bila kuisha, mtoto atabaki akiwa mzima.

Uliweka spana chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mathe, gari imeisha," ukasema. "Ni wewe ndio haujaisha."

Nilinuna. Unakumbuka nilivyonuna, nilipakua chakula kama ninayemlisha adui. Baba yako alikula bila kuinua macho, akamaliza, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hulifanya tu akiwa upande wako. Kisha nikachoka kununa, nikasema Jumamosi twende Kenol.

Safari ile nataka uikumbuke kwa macho yangu pia, kwa sababu wewe ulikuwa unaangalia barabara na mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Tulitoka na baridi yetu ya Nyeri, mlima uko wazi upande wa kushoto, upepo unaingia kila mahali kwa sababu madirisha yalikuwa uzito. Karatina wenye vibanda waliacha wateja wao. Lori moja la majani chai lilitupisha kwa heshima, au dereva alidhani tumetoroka mahali. Ulikuwa unabadilisha gia kwa utulivu, unapunguza kabla ya kona, hukushindana na mtu, hata yule kijana wa gari jeupe aliyetuchokoza. Mimi ningemjibu. Kenol tukazunguka, ukapiga honi ndogo ile ya pikipiki, tukageuza pua kurudi. Gari lilikuwa limefanya kazi yake. Ila mimi bado nilikuwa sijaisha.

Tukasimama Sagana kula samaki. Kwa njaa, ukaingiza gari moja kwa moja mpaka pua ikakaribia ukuta wa hoteli. Tukala, tukalamba vidole, ukaenda kulipa, na uliporudi ndipo sote tulipoona. Ukuta mbele, gari halina rivasi, na mgongo wangu umekaza kwa kukaa chini namna ile. Nilijaribu kusimama nikashindwa.

Ulisimama ukaangalia ukuta, ukaangalia gari, ukaniangalia mimi. Uso ule niliutambua. Ndio uliokuwa nao chini ya hema, watu wote wakikutazama na wewe huna pa kupitia. Nilitaka kuita watu kwa niaba yako, kama nilivyokuitia marafiki shule ya chekechea, kama nilivyokuombea ruhusa, radhi, na viti vya mbele maisha yako yote. Lakini mgongo ulinikatalia, na kupumua kwenyewe kulikuwa kazi. Naushukuru mgongo huu mpaka leo.

Wewe uliwafuata wale wazee waliokuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Sauti yako niliisikia vizuri.

"Wazee, naomba mnisaidie. Nimeingia hapa na gari yangu haina rivasi."

"Ati haina nini?"

"Rivasi. Tulisahau."

Walikuangalia. Kisha yule mwenye koti la kijivu akaanza kucheka, wakacheka wote, wakainuka na drafti yao wakaiacha. Walisukuma kama wanasukuma kigari cha mtoto, maana walitarajia uzito wakakuta hakuna. Mmoja akakuuliza limetengenezwa wapi, ukasema gerejini kwetu, na mathe yangu ndiye yule pale, mgongo umemkataa. Mwingine akaomba kukaa kwenye kiti, ukampisha, ukamfunga mkanda. Ulikuwa katikati yao unacheka na kueleza, na hakuna aliyekufikiria vibaya kwa sababu ulikuwa umekwama. Walifurahi kuombwa.

Nilikwambia machozi yale ni pilipili. Samaki yule hakuwa na pilipili.

Mwanangu, muhula mzima Nairobi ulikuwa umekwama ukutani na hukuweza kumwambia mtu. Jumamosi ile umekwama ukutani na ukasema kwa sauti, kwa watu usiowajua, kama unayeomba chumvi. Nilikuwa nimeishi na hofu muda mrefu mpaka nikaizoea kama kofia, na pale Sagana ilinitoka. Njia yote ya kupanda kurudi nyumbani nilikuwa nataka kuimba. Sijalala vizuri kama usiku ule tangu uzaliwe, na ulipozaliwa ulikuwa unalia sana.

Kwa hiyo safari hii hakuna hema. Mjomba wako amepiga simu kuuliza tarehe ya sherehe, nikamwambia hakuna, akakasirika, nikamwacha akasirike. Mchungaji nimemwambia akuombee kimyakimya, Mungu anasikia bila vipaza sauti. Hakuna aliyekutuma. Ukipenda boti, kaa na boti. Ukizichoka, zichoke. Ukiona siku zimeanza kuwa nzito tena, mtafute mtu kama yule mama mshauri mapema, umwambie kama ulivyowaambia wazee wa drafti, kwamba nimeingia hapa na sina rivasi. Watu husukuma. Sikuwa najua jambo hilo. Mimi nimezeeka nikijitutumua peke yangu na vibano vyangu kwenye droo.

Na nyumbani utarudi wakati wowote, umefaulu au hujafaulu, saa yoyote, bila kueleza. Hili nimeliandika kwa chuma kizima. Sijalitoboa tundu hata moja.

Kesho nakupeleka stejini kwa gari hili hili. Begi lako likae mapajani, na kama halitoshi mapajani basi ni kubwa mno, punguza. Najua unachofikiria. Unafikiria mama atarudije gerejini peke yake na mgongo ule, na kama mabasi yanachelewa unaweza kuja mara moja kunisukuma. Usije. Jioni hii, ulipokuwa bafuni, nilivuka nikaenda kwa Baba Wangui. Nilisimama mlangoni pake nikiona haya kama msichana, nikamwambia naomba msaada, kesho asubuhi nitakuwa getini na gari langu na sitaliweza. Aliniuliza kama kahawa imekauka. Nikasema imekauka. Akasema atakuja.

Niliporudi nikamkuta baba yako hapa gereji, ametandaza viganja vyote viwili kwenye pua ya gari, anajaribu uzito. Alikuwa hajawahi kuligusa. Alishtuka akajifanya anafuta vumbi, kisha akaniuliza mtu akisukuma anashika hapa ama pale. Nikamwonyesha.

Wewe panda basi.

Mama yako,
Nekesa